Mafiga Mawili: Korasi Kwenye Kizuizi

Wiki jana mlituacha chini ya meza, mimi na Wangeci, godoro limekingwa dirishani na mlango unagongwa. Wengine wenu mmenitumia SMS mkinilaumu kwamba ninawachezea roho kama paka na panya. Poleni, lakini siku ile hata mimi sikujua anayegonga ni nani, na hakuna aliyenihurumia.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo ni haya. Mimi ni Jerop, Mkalenjin wa Kaptembwo. Wangeci ni Mkikuyu wa hapo hapo Kaptembwo, ploti ya pili kutoka kwetu. Tulikuwa kundi la rap la watu wawili, jina letu Mafiga Mawili. Watu walitucheka kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Tukawajibu kwamba figa la tatu ni nyimbo za zamani tunazozikata vipande na kuzishona upya, na albamu yetu ya kwanza tukaiita hivyo hivyo, Figa la Tatu.

Tuliimaliza Desemba 2007. Wimbo mmoja tukaupeleka redioni, nao ukaanza kupigwa. Uzinduzi tukaupanga uwe baada ya uchaguzi, maana tulikuwa wajinga kama Wakenya wengine wote.

Januari ikaja na moto. Sisi wa Nakuru tulijidanganya kwamba ungeishia huko Molo. Mwishoni mwa mwezi ukafika Kaptembwo, ploti ya kina Wangeci ikachomwa, mama yake akakimbilia kambi ya waliofukuzwa kule uwanja wa maonyesho ya kilimo, naye Wangeci akakimbilia kwangu, kwenye chumba tulichokuwa tukikiita studio. Huku chini walikuwa vijana wa kwao. Kule juu walikuwa vijana wa kwetu. Sisi tulikuwa katikati, chini ya meza.

Basi mlango ukagongwa tena, na sauti ikasema, "Fungueni. Nimekuja kuchukua sahani za mama."

Alikuwa Dilip.

Huyu Dilip ana duka la vifaa vya umeme mjini, na zamani babake aliuza sahani za santuri hapo hapo, za kila kabila la Bonde la Ufa. Mama yake, Mama Bhagwanti, hakuzitupa. Ndiye aliyetuazima masanduku mawili ya sahani hizo pamoja na mashine ya kuzichezea. Dilip alipinga tangu mwanzo. Alisema wasichana wawili wa Kaptembwo watazikwaruza zote, na kila tulipokutana aliniuliza habari za sahani kabla ya kuniuliza habari za nyumbani.

Nilimwambia hivi, watu wanachomana na wewe umefuata sahani? Akanyanyua sanduku la kwanza. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema mama yake amekataa kula, na amemwambia asirudi na sahani bila wenye kuzichezea.

"Kwa hivyo twendeni," akasema. "Na msiniangalie hivyo. Nitawapeleka uwanja wa maonyesho, basi."

Wangeci alilia. Mimi nilitaka kulia lakini machozi yaliogopa kutoka.

Dilip alikuwa amepita vizuizi viwili akija. Cha kwanza, karibu na kwetu, kilikuwa cha vijana wa Kikuyu. Cha pili, kabla ya barabara kubwa, kilikuwa cha Wakalenjin. Wote walimpitisha kwa sababu hakuna redio Kaptembwo ambayo haijawahi kufunguliwa na Dilip. Lakini alisema wanaangalia kila mtu usoni, wanadai vitambulisho, na asiyejibu kwa lugha yao anashushwa.

Wangeci akapanga mambo palepale. Yeye hukata shauri haraka, mimi ni mtu wa kukata nyimbo. Kwenye kizuizi cha kwanza yeye atakaa mbele na kuongea, mimi nitakuwa nyuma na masanduku. Tukishapita, tutasimama mahali, tubadilishane viti. Kwenye cha pili mimi nitakuwa mbele, niongee Kikalenjin, yeye awe nyuma anakohoa. Vitambulisho tukavifungia ndani ya spika kubwa, nikakaza skrubu, tukaiacha spika hapo; tukidaiwa, tuseme vimeungua.

"Na wewe," akaniambia, "ukiulizwa, ni Kiswahili. Hiyo lugha yenu imeze kabisa. Usiteme hata neno."

Nikaimeza. Mtaona jinsi ilivyonitokea puani.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha matairi na kitanda cha chuma. Vijana waliosimama pale sikuwajua, na nilishukuru Mungu kwa hilo, kwa maana wangekuwa wa mtaa wetu wangenijua. Wengi walikuwa wametimuliwa kutoka Molo na Kuresoi. Mmoja alikuwa bado amevaa sare ya shule, sweta imeungua mkono. Walikuwa na mapanga, na walikuwa na machungu, na sikuweza kuwaambia kwamba hawana haki ya kuwa na machungu.

Wangeci akawasalimu kwa Kikuyu. Walizungumza kidogo. Kisha mmoja akaja upande wa nyuma, akachungulia dirishani, akaniuliza kitu kwa Kikuyu.

Nikakohoa.

Akauliza tena. Nilikuwa nimejifunga skafu shingoni, na jasho lilikuwa likinitiririka chini ya hiyo skafu mpaka kifuani. Wangeci akageuka, akamrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti hata kama ningeyaelewa. Wenzake wakaangua kicheko. Yule kijana akacheka pia, akapiga bati la gari kwa kiganja, tukapita.

Dilip alikuwa ameshika usukani kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe. Alisema hataki kusikia tusi kama hilo tena ndani ya gari la mama yake. Tukacheka, wote watatu, kile kicheko cha kichaa ambacho si cha furaha.

Tulikuwa bado tunacheka wakati Wangeci alipogeuka na kuniambia jambo ambalo sikulitarajia.

"Hata kama tusipobadilishana viti, si neno," akasema. "Nikibanwa, nina ile ya korasi. Nitawaambia ile."

Hapa lazima niwaeleze kazi yetu inavyofanywa, ili mjue kwa nini nilishtuka.

Korasi ya ule wimbo uliokuwa redioni niliitoa kwenye sahani moja ya Mama Bhagwanti. Ni mwanamke anayeimba kwa Kikalenjin, anamwita ng'ombe wake arudi kabla ya mvua. Sauti yake ni tamu, lakini maneno yalikuwa marefu kuliko mdundo wangu. Basi nikafanya tunavyofanya siku zote. Nikakata kichwa cha neno hili, nikakiunga na mkia wa neno lile. Lingine nikaligeuza kinyumenyume. Lingine nikalirudia hadi likawa kama ngoma. Kilichobaki kilikuwa kitamu sana, na hakikuwa na maana yoyote chini ya jua.

Wangeci aliisikia mara ya kwanza ikiwa tayari imekatwa. Aliishika kwa masikio, akaiimba juu ya ile ya mashine, wiki nzima, mpaka huwezi kutofautisha sauti yake na ya yule mwanamke. Hakuniuliza maana. Mimi nami sikumwambia, kwa sababu studio hatuulizani maana ya kipande, tunaulizana kama kinakaa. Kumbe mwenzangu muda wote ule alidhani anaimba Kikalenjin.

"Wangeci," nikaanza, "ile korasi si..."

"Nyamazeni," Dilip akasema.

Mbele yetu kulikuwa na gogo. Kizuizi cha pili kilikuwa kimesogezwa. Dilip alipopita akija kilikuwa karibu na barabara kubwa. Sasa kilikuwa hapa, hatujapata hata mahali pa kusimama, na wanaume walikuwa wametoka pande zote mbili na kutuzunguka. Walikuwa na marungu na pinde. Wangeci alikuwa mbele, dirishani. Mimi nilikuwa nyuma na sahani.

Aliyekuja kwenye dirisha la Wangeci alikuwa mzee mwenye koti la mvua na viatu vya gambuti. Wengine walimpisha. Hakuwa na silaha mkononi, na hilo lilinitisha kuliko zile pinde.

"Chamgei," akasema.

"Chamgei," Wangeci akajibu. Hiyo kila mtu wa Nakuru anaijua, hata wauza ndizi.

Mzee akamuuliza kwa lugha yetu yeye ni binti wa nani na anatoka wapi. Maswali ya kawaida, ambayo kwetu mtoto wa miaka mitatu huyajibu.

Nikadakia. Ndugu zangu, nilifungua mdomo niseme kwa Kikalenjin kwamba huyu ni dada yangu, aniulize mimi. Na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. "Mzee, huyu ni dadangu, tunapeleka mizigo ya huyu Mhindi." Lugha ya mama yangu niliitafuta kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, sikuiona. Nilikuwa nimeimeza kwenye kizuizi cha kwanza na woga ulikuwa umekaa juu yake.

"Sijakuuliza wewe," mzee akasema. "Shukeni. Wasichana wote wawili."

Tukashuka. Dilip naye akafungua mlango wake, wakaufunga tena. Hewa ilinuka mpira ulioungua. Nilisimama hatua chache nyuma ya Wangeci, na niliona akiinua kidevu.

Mzee akarudia swali lake.

Na Wangeci akamjibu kwa korasi. Hakuiimba. Aliisema, polepole, kwa heshima, vile mtu anavyomjibu mzee, na mwishoni akainamisha kichwa kidogo.

Wanaume waliangaliana. Mzee alikunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye githeri.

Mmoja akasema, labda huyu ni wa kule Marakwet ndani kabisa, ambako Kikalenjin chao ni kigumu. Mwingine, nadhani ndiye aliyekuwa Mmarakwet, akasema kwao hawaongei hivyo. Mzee akaniangalia mimi, akamwangalia Wangeci, na mkono wake ukaanza kuinuka. Nilijua ukifika juu tumekwisha.

Ndipo kijana mmoja akacheka.

Alikuwa na kofia ya sufu na rungu begani. Wenzake walimwita Kipruto. Akamsogelea Wangeci hadi karibu kabisa, akamwambia arudie. Wangeci akarudia, na kwa kuwa alizoea kuiimba, safari hii maneno yaliteleza yakaingia kwenye tuni yake. Kipruto akaanza kupiga mdundo wangu kwa mdomo. Aliupiga sawasawa, hata pale ninapouchelewesha kidogo.

"Mzee, hii ni ngoma," akasema. "Hii ni Mafiga Mawili. Mimi niko nayo kwa simu."

Akatoa simu iliyofungwa kwa raba, akabonyeza. Alikuwa ameurekodi wimbo kutoka redioni. Na hapo, katikati ya moshi, ikatoka korasi yetu, yule mwanamke na Wangeci pamoja, kwenye spika ndogo kama kifungo cha shati.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimeota siku ya kusikia wimbo wangu ukipigwa barabarani na watu wakitikisa kichwa. Basi walikuwa wanatikisa. Mwenye upinde alitikisa. Hata mzee alisikiliza ameinamisha sikio, akasema sauti hiyo ya mwanamke ni ya zamani, aliwahi kuisikia akiwa kijana mdogo, na akauliza kama ni huyu msichana aliyeiimba tena.

"Ni yeye," Kipruto akasema. "Si umesikia? Sauti ni ileile. Huyu ndiye wetu."

"Basi ndio maana anaongea kama amelewa," mzee akasema, na watu wakacheka. "Wasanii. Ondoeni gogo."

Wakaondoa gogo. Dilip akawasha gari. Wangeci akanigeukia akiwa na uso wa mtu aliyefufuka, na mimi nikaanza kumshukuru yule ng'ombe aliyepotea.

Lakini Kipruto hakuwa amezima simu.

Kuna desturi yetu sisi wa rap ambayo wazazi huiona ni majivuno. Kabla hujasema lolote, unajitaja. Jina lako na mtaa wako, ili mtu asije akakuibia mistari. Wangeci alijitaja mwanzoni mwa ubeti wake. Na mimi, fundi, kwa kuwa nilimpenda na nilitaka dunia nzima imjue, nilizima ngoma zote mahali hapo. Nilitoa besi, nikatoa yule mwanamke, nikaacha kimya, ili jina lisikike peke yake.

Likasikika peke yake.

"Naitwa Wangeci, mtoto wa Kaptembwo."

Kicheko kilikatika. Wawili waliokuwa wamebeba gogo walisimama nalo mikononi, halafu wakaliweka chini, palepale lilipokuwa. Mzee akanyoosha mkono, Kipruto akampa simu, naye mzee akaisogeza karibu na sikio ingawa ubeti ulikuwa umeshaendelea.

"Mko wawili," akasema, sasa kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Mmoja wetu, mmoja wao. Wangeci ni nani?"

Dilip akatoa kichwa dirishani, akasema Wangeci alishaenda Nairobi, huyu mwingine, akinionyesha mimi, ni msichana wa dukani tu. Alijaribu. Lakini Dilip hajui kusema uongo. Huwaambia hata wateja kwamba redio yao haiponi. Sauti yake ilipanda, na mzee hakujisumbua hata kumtazama.

"Nauliza mara ya mwisho."

Nimewaahidi kuwaambia kila kitu, basi sitajipamba. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Tayari walikuwa wameamini kwamba Wangeci ndiye Mkalenjin, kwa sababu ya korasi. Wangenishuku mimi, nami ningetoa Kikalenjin changu, nitaje baba na babu na ukoo, niachiliwe. Halafu nikaona kinachofuata baada ya hapo. Nikiongea mimi, anabaki mmoja tu.

Basi nikafikiri haraka zaidi kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema mimi ndiye Wangeci, watamwachia yeye. Apande gari, aende zake, gari lipotee kwenye kona. Hapo ndipo nitapiga magoti na kuanza kulia kwa lugha ya mama yangu, na hata wakinipiga kwa kuwadanganya, hawataniua. Ilionekana ni hesabu rahisi. Nilihisi hata lugha yangu imerudi, imekaa nyuma ya meno, tayari.

Wangeci alikuwa anafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiswahili, kabla hajatoa sauti. "Wangeci ni mimi."

Alinigeukia. Sijawahi kuona mtu akiogopa na kukasirika kwa pamoja namna ile. Akatikisa kichwa, kidogo tu, na nikamkazia macho kama ninavyomkazia anapotaka kuharibu ubeti.

Mzee aliniangalia kwa muda. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu, na sijui kama alikipata. Akaashiria kwa kidole. Wanaume wawili wakaja, mmoja akanishika mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Aliyenishika kulia alinuka maziwa ya mursik, harufu ya nyumbani kwa nyanya yangu.

Kisha mzee akamgeukia Wangeci. Sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa sauti ya baba. Akamwambia kwa lugha yetu, binti yangu, panda gari, uende na usitazame nyuma, maana kitakachofanyika hapa si cha macho yako.

Nilielewa kila neno. Wangeci hakuelewa hata moja, na nikimtafsiria, wote watajua Wangeci wa kweli ni nani.

Alibaki amesimama. Dilip akapiga honi mara moja, kwa upole, lakini naye hakujua mzee amesema nini. Mzee akangoja. Akarudia maneno yale yale, polepole zaidi, na safari hii hayakuwa tena na sauti ya baba ndani yake. Kipruto akamwangalia Wangeci mdomoni.

Naye Wangeci akageuka, akaniangalia mimi, kama anavyoniangalia studio kila anapomaliza kurekodi, akingoja nimwambie.